Kupiga kwa Kufundishwa na Kupiga kwa Kujifurahisha

Wako watu wasemao ya kwamba kupiga zeze au kinanda ni jambo la kuzaliwa nalo, na ya kuwa mwalimu huliharibu tu. Husema, "Mtazameni ndege, ni nani aliyemfundisha kuimba?" Tena wako wengine wasemao kinyume, ya kwamba apigaye pasipo kufundishwa hufanya kelele, wala si muziki. Mtoto apendaye kupiga hubaki katikati yao, asijue amfuate nani. Basi yafaa maneno ya pande zote mbili yapimwe.

Wale wa kwanza wana neno la kweli, kwa kuwa furaha ndiyo mbegu ya kazi hii. Mtoto awekwaye mbele ya kinanda kwa fimbo hujifunza kukichukia. Na siku mwalimu aondokapo, hukifunga asikifungue tena. Lakini yule ajitengenezeaye zeze kwa kibuyu, akalipiga jioni akiisha kurudisha ng'ombe zizini, huyo haambiwi, "Piga." Huambiwa, "Acha sasa, ukalale."

Walakini hukosea wadhanipo ya kuwa nje ya shule hakuna mafunzo. Hukwe Zawose, Mgogo wa nchi ya Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alisifiwa mahali pengi duniani kwa zeze lake na kwa marimba yake, vile vyuma vyembamba vilivyofungwa juu ya sanduku la mti na kupigwa kwa vidole gumba. Hakuupata ustadi huo darasani. Aliupata nyumbani, kwa baba yake. Lakini je, baba si mwalimu? Aliyekaa karibu na fundi, akasikiliza, akajaribu, akakosea, akarudia, huyo amefundishwa, ijapokuwa hakupewa cheti. Baadaye Zawose naye alifundisha wengine katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, wala hakuona kwamba shule na furaha ni maadui.

Hao wa pili nao wana haki yao. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, katika Afrika ya Kusini, alitunga wimbo kwa lugha ya Kikhosa. Alikuwa amejifunza kuandika sauti kwa herufi za do, re, mi, ambazo John Curwen alizieneza huko Uingereza, nao wimbo wake aliuandika hivyo. Sontonga alikufa mwaka 1905, angali kijana. Lakini wimbo haukuzikwa pamoja naye, kwa kuwa wengine waliweza kuusoma na kuuimba. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein katika mkutano mkubwa wa Waafrika, na tangu mwaka 1961 sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa Tanganyika, na baadaye Tanzania, kwa maneno ya Kiswahili. Watoto wauimbao asubuhi mbele ya bendera wanakula matunda ya mafunzo ya mtu ambaye hawakumwona kamwe. Ni nyimbo ngapi nzuri zilizokufa pamoja na watungaji wao, kwa kuwa hapakuwa na mwana wa kuzirithi wala karatasi ya kuzihifadhi!

Tena iko hatari kwa yule apigaye kwa kujifurahisha tu. Hupiga lile alijualo, rafiki zake humshangilia, naye huridhika. Mwaka ukipita bado yuko pale pale. Wahenga walisema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Mwalimu mwema ni yule asemaye, "Hapa umekosa, rudia." Neno hilo huuma, lakini ndilo lifunguapo mlango uliofungwa.

Basi haifai mtoto kuchekwa kwa kuwa hajui kusoma muziki, wala haifai zeze la nyumbani kudharauliwa kwa sababu halikutoka ng'ambo. Na aanze kwa furaha. Lakini moyo wake ukishika kazi hiyo kweli kweli, na atafute wa kumfundisha, awe ni mwalimu wa shule au mzee wa kijijini, asione haya. Furaha pasipo mafunzo hufurahisha jioni moja. Mafunzo pasipo furaha hayafurahishi mtu. Bali viwili hivi vikikaa pamoja, hata watoto wasiozaliwa bado watafurahi.