Usiniambie Pikseli Ngapi, Nionyeshe Ukingo

Leo nina neno moja tu kuhusu kamera na skana, na nitalisema mapema: wingi wa pikseli si kipimo cha ukali wa picha. Mtu anayenunua kamera kwa kuhesabu pikseli peke yake anauziwa mbuzi kwenye gunia. Anayelipia kazi ya kuskani nyaraka kwa hesabu hiyo hiyo yuko pabaya zaidi.

Tuanze na simu. Galaxy S23 Ultra ya Samsung, iliyotoka mwaka wa 2023, ina kamera kuu ya megapikseli 200. Kila pikseli ina upana wa takriban mikromita 0.6, na lenzi ni f/1.7. Sasa ingiza fizikia. Mwanga ukipita kwenye tundu la lenzi hutawanyika kidogo, kwa hivyo hata lenzi isiyo na kasoro haichori nukta kama nukta, huchora kiduara. Kwa mwanga wa kijani, kiduara hicho kina upana wa mikromita 2.3 hivi. Gawanya mwenyewe: kiduara kimoja kinafunika karibu pikseli nne kwa upana. Pikseli zote 200,000,000 zipo kweli, ila majirani wengi wanarudia habari ile ile. Simu yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana kwa kawaida huunganisha pikseli 16 kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.

Kwa picha za harusi hakuna neno. Balaa iko kwenye nyaraka.

Niliwahi kuandika programu ya kusoma maandishi kutoka kwenye fomu zilizoskaniwa. Picha zililetwa kwa mafungu mawili: moja la nukta 600 kwa inchi, lingine la nukta 300. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7. Kwa nukta 600 ni megapikseli 34.8, mara nne. Ungetarajia fungu la 600 lisomeke vizuri zaidi, sivyo? Ikawa kinyume. La 300 lilisomeka, la 600 likageuza 3 kuwa 8. Tulipopima tuliona kwamba skana ya 600 haikuwa imelenga sawasawa. Zile pikseli za ziada zilikuwa zinajaza diski tu. Na mkataba? Uliandika "nukta 600", nukta 600 zikaletwa, malipo yakafanyika. Nafuu ni kwamba karatasi zenyewe zilikuwa bado kwenye maboksi. Je, zingekuwa zimeshachomwa?

Basi ukali hupimwaje? Njia ya zamani ni chati ya USAF ya mwaka wa 1951, yenye vijistari vitatu vitatu vinavyozidi kupungua. Unatazama mpaka pale visipotengana tena. Shida ni kwamba jicho ndilo hakimu, na watu wawili wakitazama chati moja wanaweza kukupa majibu mawili.

Njia bora ni kupima kontrasti. Chukua mistari myeusi na myeupe. Ikiwa minene, kamera huirudisha nyeusi kabisa na nyeupe kabisa. Ikizidi kuwa myembamba, nyeusi inapauka na nyeupe inafifia, hadi yote inakuwa kijivu. Mchoro unaoonyesha kontrasti iliyobaki kwa kila wembamba wa mstari huitwa MTF. Pale kontrasti inapofikia nusu ndipo MTF50, namba inayokaribiana sana na kile jicho linachokiita ukali. Pale inapobaki asilimia 10 hivi ndipo uwezo wa kutenganisha vitu vidogo unapokaribia kwisha. Wingi wa pikseli unaweka dari tu: kwa nukta 300 kwa inchi, huwezi kupita jozi 150 za mistari kwa inchi, yaani karibu 5.9 kwa milimita. Kuifikia dari hiyo ni kazi ya lenzi, ulengaji na mkono uliotulia.

Kilichonifurahisha mimi kama mwanaprogramu ni jinsi MTF inavyopatikana. Kiwango cha ISO 12233, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 2000, kinatumia ukingo mmoja ulionyooka kati ya cheusi na cheupe, ulioinamishwa kama nyuzi 5. Kwa kuwa umeinama, kila safu ya pikseli inaukata mahali tofauti kidogo. Ukizipanga safu zote pamoja unapata ukingo uliopimwa kwa hatua ndogo kuliko pikseli. Tafuta mabadiliko ya hatua kwa hatua, pitisha kwenye hesabu ya Fourier, na MTF hiyo hapo. Ni mistari michache ya msimbo.

Jihadhari na hila moja. Programu za kamera hupenda kunoa picha, na kunoa hupandisha MTF50 bila kuongeza habari yoyote. Ukiona mchoro unapanda juu ya asilimia 100, au utepe mweupe pembeni mwa herufi, ujue namba imepakwa rangi. Zima unoaji kwanza, kisha pima.

Utasema hii ni kazi ya maabara. Hapana. MTF Mapper ni programu ya bure. Kwa kamera, ukingo uliochapishwa kwa printa nzuri ya leza na kupigwa picha kwa mbali unatosha kuanzia. Kwa skana nunua chati halisi, kwa sababu skana itaona hata mikwaruzo ya wino wa printa. Pima katikati na kwenye pembe, kwa wima na kwa mlalo.

Msimamo wangu basi ni huu: kila mkataba wa kuskani nyaraka utaje MTF inayotakiwa, si nukta kwa inchi pekee. Chati iskaniwe mwanzoni na mwishoni mwa kila fungu, na picha zake zikabidhiwe pamoja na kazi. Na karatasi ya asili isiguswe na kiberiti kabla ukingo haujapimwa.