Fidia Iliyoishia St. Louis

Sheria ya Marekani ya kuwafidia walioathiriwa na mionzi, iliyofufuliwa na kupanuliwa Julai 2025, imewaingiza kwa mara ya kwanza wakazi wa St. Louis, Missouri, walioishi karibu na taka za mradi wa bomu la atomiki. Mkazi mwenye saratani iliyoorodheshwa hulipwa dola 50,000. Mchimbaji wa urani wa Marekani, dola 100,000. Wanastahili, na wamecheleweshwa mno. Lakini mawe yaliyozaa sehemu kubwa ya taka hizo yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na aliyeyachimba hakutajwa popote.

Mgodi huo ulikuwa wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji. Mawe yake bora yalikuwa na oksidi ya urani ya asilimia 65, ilhali yale ya Colorado kwa kawaida hayakufika asilimia 1. Wakongo waliyachambua kwa mikono. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kiwanda cha Mallinckrodt, St. Louis, kilisafisha urani ya Shinkolobwe. Mabaki yenye radiamu nyingi yalitiwa kwenye mapipa, na mengi yakahifadhiwa katika matangi ya zege huko Fernald, Ohio. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani ya Marekani.

Wapo wanaopinga Marekani kuwafidia Wakongo hao, wakisema kuwa mwajiri alikuwa Mbelgiji, na kwamba Bunge la Marekani hutunga sheria kwa ajili ya Wamarekani. Ni kweli Ubelgiji nayo inadaiwa, lakini deni la muuzaji halifuti la mnunuzi.

Hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba Shinkolobwe hakuna kumbukumbu za kuonyesha nani alipata mionzi kiasi gani. Hoja hii haivumiliki, kwa kuwa Marekani yenyewe ilikwisha kuikataa. Sheria yake ya mwaka 2000 huwalipa wafanyakazi wa viwanda vya silaha za nyuklia dola 150,000, pamoja na matibabu. Wale wa Mallinckrodt walikwama kwanza, kwani vipimo vya miaka ya mwanzo havikutosha kukadiria mionzi waliyopata. Mwaka 2005 serikali ikawaweka katika kundi maalumu: aliyefanya kazi siku 250 akapata mojawapo ya saratani 22 hulipwa bila kudaiwa kipimo chochote. Asiyepimwa na mwajiri hakubebeshwa uzembe wa mwajiri. Basi kwa nini Mkongo abebeshwe? Jiwe ni lilelile, vumbi ni lilelile, na upungufu wa kumbukumbu ni uleule. Kinachomfungulia mlango mfanyakazi wa St. Louis hakiwezi kuwa ndicho kinachomfungia yule wa Katanga. Huo ni ubaguzi, hata ukiandikwa kwa lugha ya kisheria.

Wala kufa kwa wachimbaji wengi hakumalizi dai, maana sheria ya 2025 huwalipa pia warithi wa marehemu. Warithi wa Shinkolobwe wapo, katika mji wa Likasi na vijiji jirani. Sheria hiyo haina kifungu hata kimoja kinachowahusu.