Gari la Zahanati na Propela ya Mbele



Mwezi huu tunaweka kando uji wa lishe na chanjo. Tumepata barua kutoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Namtumbo, mjumbe wa kamati ya zahanati ya kanisa huko kwao. Anaeleza kwamba gari lao, Toyota Land Cruiser ya zamani, linalia na kugonga chini upande wa mbele. Fundi amelala chini yake, amelitazama, akasema krosi ya propela ya mbele imekwisha na kipuri lazima kiagizwe. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka gari lisimame mpaka kipuri kifike. Wengine wanasema dereva aendelee nalo hivyo hivyo, kwa kuwa kliniki ya watoto haingoji. Mama huyu anauliza kama ipo njia ya tatu.

Mama yangu, ipo. Lakini kwanza niwaambie wale waliosema waendelee nalo hivyo hivyo: hapana, msifanye hivyo hata siku moja.

Propela shafti ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka kwenye transfa, lile boksi la gia lililo katikati ya gari, hadi kwenye difu. Gari la fo wili lina mbili, ya nyuma na ya mbele. Kila mwisho wa propela kuna krosi, ambayo kweli imefanana na msalaba mdogo wa chuma wenye mikono minne, na kila mkono umevaa kikombe chenye vijiti vyembamba kama sindano za kushonea. Hivyo vijiti ndivyo vinavyoiwezesha propela kujikunja na kuzunguka gari linaporuka mashimo. Grisi ikiisha, vinasagika vikawa vumbi jekundu. Baadaye kikombe kinalegea, na siku moja msalaba unakatika gari likiwa mwendoni. Ukikatikia nyuma, kwenye transfa, bomba linapigapiga huku na huku na linaweza kukata bomba la breki au kupasua boksi. Ukikatikia mbele, kwenye difu, ncha inaanguka na inaweza kuchimba barabara kama jembe, na gari likanyanyuliwa. Ndani ya gari hilo kuna mama mjamzito amelazwa kwenye godoro. Sitaki kueleza zaidi.

Nao wanaotaka gari lisimame hawajakosea, ila wasisahau gari hilo ni la nini. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba akina mama wanapotezwa na uchelewaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa wakishafika. Huo wa katikati ndio wetu sisi wa Ruvuma. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kutuacha ndani ya saa mbili. Siku hizi tunashukuru ipo huduma ya m-mama, unapiga 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Hata hivyo, usafiri unaotafutwa lazima uwe una magurudumu yanayozunguka. Barabara kuu za kwenda Mbinga na Tunduru zina lami, lakini ukiziacha tu na kuingia vijijini, unakutana na udongo wetu mwekundu, na mvua zikianza kuelekea Krismasi hadi Aprili udongo huo ni sabuni.

Basi njia ya tatu ni hii: propela ya mbele itolewe kabisa, gari litembee kwa magurudumu ya nyuma, na siku krosi ikifika irudishwe. Kazi ya kuitoa ni ya saa moja kwa fundi mwenye spana zake. Naieleza hapa kwa urefu ili ninyi mnaokaa kwenye kamati mjue kinachofanyika, na pia kwa sababu nawafahamu mabinti wawili watatu wa shule za ufundi wanaosoma ukurasa huu.

Gari lisimame mahali tambarare, pakavu, injini imezimwa na bomba la moshi limepoa. Nimesafisha majeraha ya moto ya mafundi yaliyotokana na bomba hilo kuliko ya mafuta ya kupikia. Weka gia, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Land Cruiser iko juu vya kutosha mtu kuingia chini bila kuinyanyua, kwa hiyo jeki ibaki kwenye boksi lake. Mtu hawekwi chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota spana. Kanga na kitenge vikae mbali, kilemba kikazwe. Vaa miwani, hata ile ya jua, kwa kuwa kutu huanguka machoni. Ikiingia usifikiche, mwagia maji safi mengi.

Sasa angalia katikati ya magurudumu ya mbele. Magari mengi ya aina hiyo yana habu zenye maneno FREE na LOCK. Zungusha zote mbili ziwe FREE, na mkono wa transfa uwe kwenye H2. Hapo propela ya mbele inazunguka kwa mkono, na ndivyo utakavyozifikia nati zote. Ukitaka isizunguke unapofungua nati ngumu, rudisha habu kwenye LOCK. Kama gari lilikuwa limetembea na fo wili kwenye lami, propela itakuwa imejibana, nati zinakataa kabisa. Kusogeza gari nyuma hatua chache kabla ya kulilaza mtu chini kunasaidia.

Kabla ya kugusa nati yoyote, piga alama. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wenye haraka hulisahau, nami nalisisitiza kama ninavyosisitiza kunawa mikono kabla ya kuzalisha. Chukua rangi au patasi, weka mstari unaopita kwenye flenji ya difu na flenji ya propela kwa pamoja. Fanya vivyo hivyo upande wa transfa. Kisha weka mstari mwingine pale katikati ambapo propela ina sehemu mbili zinazoingiliana, moja ndani ya nyingine, ili irefuke na kufupika. Sehemu hizo zikichomolewa na kurudishwa jino moja pembeni, krosi mbili hazitaelewana na gari litatetemeka. Fundi atakwambia anaweza kupanga kwa macho, mikono ya propela itazamane sawasawa. Kuna Land Cruiser ambazo kiwanda chenyewe kimepanga propela ya mbele isitazamane sawasawa, na anayeisahihisha kwa macho anaiharibu. Fuata alama uliyoikuta.

Nati ni nne kila upande, jumla nane, na kwa Toyota spana ni namba 14. Tumia ya ringi, kwa kuwa ile yenye mdomo wazi hula pembe za nati. Zipige brashi ya waya, zipake mafuta, subiri robo saa. Anza upande wa difu. Nati ya mwisho ikitoka, mtu wa pili awe ameshika bomba, maana lina uzito na uso wako uko chini yake. Lisukume kwa nyuma lijifupishe kidogo, litatoka kwenye flenji. Likigoma, gonga kwa kipande cha mbao, siyo kwa nyundo juu ya krosi. Usiliache lining'inie kwa upande mmoja. Lifunge kwa kamba kwenye chasisi mpaka umemaliza upande wa transfa. Oili haitamwagika, kwa sababu flenji zinabaki mahali pake na sili zake. Bolti na nati zote ziingie kwenye mkebe mmoja wenye mfuniko, na mkebe ukae ndani ya gari, siyo kwa fundi wala kwa dereva nyumbani.

Gari likishakuwa hivyo, linatembea. Lakini lazima kila mmoja ajue ni gari la namna gani sasa. Bandikeni karatasi kwenye mkono wa transfa: FO WILI HAIFANYI KAZI. Dereva wa zamu ya usiku asije akaligundua hilo katikati ya mto. Mkono wa L4 bado utatoa nguvu, ila nguvu yote itaangukia difu ya nyuma na ekseli zake, kwa hiyo usitumike kulazimisha gari kutoka kwenye tope. Kamati ipange ni vijiji gani vinafikika kwa magurudumu mawili na vipi visivyofikika, na wale wa vijiji visivyofikika waambiwe mapema, hasa akina mama wenye miezi minane na tisa, ili waje kukaa karibu na hospitali. Msamaria alikuwa na mnyama wa kumpandisha yule majeruhi; naamini mnyama huyo alikuwa ameangaliwa kwato zake kabla ya safari.

Wakati mnasubiri, itazameni hiyo propela iliyo mezani. Shika krosi, ikunje pande zote. Ikikwama kama mlango wenye bawaba mbovu, au ikicheza hata kidogo, imekwisha. Tazameni krosi zote mbili, kwa kuwa mara nyingi zimekula maisha pamoja, na kuagiza moja leo na nyingine mwezi ujao ni kufungua gari mara mbili. Hapa niseme neno na mweka hazina. Krosi ikifa, inabadilishwa krosi, na propela yenyewe inabaki. Ankara ikisema propela nzima, ulizeni kwa upole bomba limepinda wapi, au meno ya pale katikati yamelika wapi, na muoneshwe. Kuna wakati fundi anasema kweli. Kipuri cha zamani kirudi ofisini kila mara.

Siku ya kurudisha, krosi mpya ipigwe grisi kwanza, mpaka grisi safi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Pale katikati penye kuingiliana, grisi kiasi tu. Ukijaza kupita kiasi, propela inashindwa kufupika, na gari likidondoka kwenye shimo, kishindo kinakwenda kwenye beringi za transfa na difu. Nyuso za flenji zifutwe mpaka ziwe safi kama sahani. Chembe ya mchanga ikibaki katikati, propela itakaa upande. Kutanisha alama na alama. Ingiza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha kaza kwa kuvukana, ya juu halafu ya chini, ya kushoto halafu ya kulia. Fundi mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha kitabu cha gari. Nati zilizochakaa zibadilishwe.

Kama gari lenu ni Land Rover Defender, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, hilo halina H2. Linavuta kwa magurudumu yote wakati wote. Propela ya mbele ikitolewa, lazima difu ya katikati ifungwe kwa mkono wake, la sivyo injini itanguruma na gari halitasogea. Pili, breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa, au propela ya nyuma ikifunguliwa, breki ya mkono haishiki kitu na gari litaondoka na aliye chini. Kwa hiyo mawe ya magurudumuni kwa Land Rover ni lazima, hata mahali panapoonekana tambarare. Nati zake ni za spana ya 9/16, nyingi zina plastiki ndani, nazo zikifunguliwa huwekwa mpya.

Mkishamaliza, dereva aliendeshe taratibu kilomita chache bila abiria, habu zikiwa LOCK, asikilize. Likitetemeka, alama hazikukutana, lirudi. Likinyamaza, liende kazini, na baada ya kilomita 100 hivi nati zote nane zijaribiwe tena kwa spana. Tarehe ya kazi na kilomita za siku hiyo ziandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe ya grisi inayofuata. Karatasi ya kwenye mkono wa transfa ibanduliwe siku hiyo hiyo.