Mgeni Aombe Jembe Mapema

Likizo ndefu ya vyuo inakaribia, na miongoni mwa vijana wetu wapo wanaojiandaa kwenda Maputo kujifunza Kireno, kila mmoja akikaa na familia ya wenyeji. Safari hiyo ni njema, na wazazi wanaoigharimia wanastahili pongezi. Ila maandalizi tunayoyaona mpaka sasa ni ya begi, viatu na simu yenye kamera nzuri. Ama Kireno chenyewe, wengi wanaamini kuwa ukishalala nyumba moja na wanaokizungumza, kitakuingia tu.

Hakitaingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tumezoea kumpa mwenye nyumba. Leo tunampa mgeni. Kijana anayefuata lugha aliombe jembe mwenyewe, na asingoje siku ya tatu.

Sababu ni hii. Mwenyeji mwema humketisha mgeni sebuleni, humpakulia kwanza, humkataza kugusa chombo, na akimwona anahangaika kusema, humwonea huruma akamtafutia Kiingereza. Huo ni ungwana mtupu, nao humnyima mwanafunzi kilichompeleka. Mgeni wa sebuleni husikia karibu, kula, umelalaje na usiku mwema. Atarudi nyumbani na hayo hayo.

Lugha iko jikoni. Siku inapopikwa matapa, ambayo ni kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa karanga na tui la nazi, nenda ukakae karibu na sufuria. Mama mwenye nyumba atakupa mwiko na kukwambia “mexe”, nawe utakoroga. Atasema “põe sal”, utatia chumvi. Ukikosea, utakemewa kama mtoto wa nyumba, na kemeo hilo hutalisahau. Asubuhi jitolee kwenda dukani kununua mkate. Wao huuita “pão”, na sauti yake hupita puani. Ukishindwa kuipitisha huko utakuwa umeomba “pau”, yaani kijiti, na watoto watakucheka mpaka uiweze. Mwalimu gani wa darasani atakufanyia hivyo kila siku bila malipo?

Wapo watakaouliza: kwa nini tuhangaikie lugha ya mkoloni? Ni kweli Wareno hawakuja pwani yetu kwa heri, na Ngome ya Yesu waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 ipo hadi leo kuwa shahidi. Lakini tuwatazame FRELIMO, chama kilichoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962. Waliwapiga Wareno kwa bunduki, na walipopata uhuru mwaka 1975 wakakifanya Kireno lugha rasmi ili kiwaunganishe watu wa makabila mengi. Ikiwa waliomwaga damu hawakuikimbia lugha hiyo, sisi majirani tuna udhuru gani? Kireno ni lugha rasmi ya Msumbiji na Angola, na katika jumuiya ya SADC kilikuwa rasmi kabla ya Kiswahili chetu kuongezwa mwaka 2019. Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma limefunguliwa tangu 2010. Mfanyabiashara wa Mtwara asiyejua Kireno atavuka na mzigo wake, kisha atamtegemea mkalimani hata katika kupatana bei.

Mwingine atashauri vijana waishie kaskazini mwa Msumbiji, kwenye pwani ya Cabo Delgado, maana ni karibu. Mbali na usalama uliovurugika huko tangu 2017, pwani ile ina wasemaji wa Kiswahili na wa Kimwani, ndugu yake wa karibu. Kijana akikwama kidogo tu ataangukia lugha ya mama yake. Maputo hana pa kukimbilia. Akisikia Kichangana au Kironga nyumbani, ajifunze salamu zake pia, kwa kuwa ni adabu.

Basi, vijana, anzeni sasa. Kabla ya kuondoka jueni kuhesabu, kusalimu, kuomba na kushukuru kwa Kireno. Katika begi tieni sweta, kwani Juni hadi Agosti Maputo kuna baridi, na kanga kwa ajili ya mama mwenyeji. Yeye hufunga capulana, kitambaa chao kinachofanana na kanga, kwa hiyo atataka kujua maandishi ya kanga yanasema nini. Mwelezeni kwa Kireno hicho hicho kibovu. Jioni ya kwanza, chakula kikiisha, kusanyeni sahani na kuuliza maji yako wapi.

Wazazi, msipige simu kila usiku. Mtoto anayeshinda na Kiswahili sikioni yuko bado nyumbani kwenu. Na mkirudi, vijana, hatutauliza mlipiga picha wapi. Tutamwalika mfanyabiashara wa Msumbiji aliyekuja Kariakoo, tumketishe mbele yenu, kisha sisi tukae pembeni tuwasikilize.