Elden Ring ni Noma, Lakini Ukilipia kwa Saa Je?

Wasee, Elden Ring haibembelezi mtu. Tangu itoke 2022 haina mahali pa kupunguza ugumu: ukichelewa kukwepa panga, umeenda. Ukiwa na mashini yako kwa keja, hiyo ni raha. Lakini ukilipia kwa saa hapa Lamu, bosi mmoja anameza doo yote, na kesho unapata msee mwingine ashafuta pale ulifika.

Ndio maana Tekken bado inabamba. Ugumu wake ni msee amekaa kando yako, na raundi inaisha chap chap. Ni kama bao barazani: mzee hakuonei huruma, lakini ukipigwa unajua ulipokosea. Queen Arrow wetu alisainiwa na timu ya UYU 2019 juu ya Tekken. Kwa hivyo jiulize: gemu ikinichapa, inanifunza ama inanikula tu?