Ukienda Barafuni kwa Mashua, Zima Mtandao Ukiwa Bado Nyumbani

Huku Loitokitok ni baridi tu kama kawaida yake, na mlima leo umejifunika mawingu hadi kiunoni.

Wiki hii nimeulizwa swali ambalo sikutegemea kuulizwa nikiwa Kajiado, mbali na bahari yoyote. Kijana mmoja wa hapa mjini, anayewaongoza wageni mlimani, amealikwa kuwa baharia kwenye mashua ya tanga itakayozunguka visiwa vya Svalbard, kule Aktiki, wakati wa kiangazi chao. Mashua yenyewe ni ndogo, ya watu wanane. Akaniuliza: "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Niweke programu gani kwenye simu?"

Jibu langu sikulizungusha. Nilimwambia kwamba kabla ya kuuliza uweke programu gani, chukua karatasi uandike utafanya nini kila moja ikizimika. Ukimaliza karatasi hiyo, umeshajiandaa nusu. Usipoiandika, hata ukibeba simu tano, hujajiandaa.

Najua wengine mtasema huyu mtengeneza programu anaipiga vita kazi yake mwenyewe. Hapana. Nisikilizeni kidogo.

Mwaka 1845 Waingereza walituma meli mbili, Erebus na Terror, chini ya John Franklin, zikatafute njia ya bahari kaskazini mwa Kanada. Zilikuwa na kila teknolojia ya wakati huo: injini za mvuke, mitambo ya kupasha joto, chakula cha makopo cha miaka mitatu, hata maktaba. Waliingia barafuni watu 129. Barafu ikazifunga meli karibu na kisiwa cha King William mwaka 1846, na mwaka 1848 waliobaki wakaziacha wakajaribu kutembea. Hakurudi hata mmoja. Meli zenyewe zilipatikana chini ya maji mwaka 2014 na 2016.

Sasa linganisha na Roald Amundsen wa Norway. Mwaka 1903 aliondoka na Gjøa, chombo cha uvuvi chenye urefu wa mita 21 hivi, watu saba tu. Alikaa misimu miwili ya baridi kwenye kisiwa kile kile cha King William. Alifanya nini muda wote huo? Alijifunza. Wenyeji wa pale, Wainuiti wa Netsilik, walimfundisha kushona na kuvaa nguo za ngozi, kuendesha mbwa wa kuvuta sleji, na kujenga nyumba ya theluji. Mwaka 1906 akatokea upande wa pili, akiwa wa kwanza kuipita njia hiyo kwa chombo chake.

Sisemi makopo na vitabu ndivyo vilivyowaua watu wa Franklin. Barafu ndiyo iliyowafunga. Amundsen naye alibeba chakula cha miaka mitano na injini ndogo ya mafuta ya taa. Ninachosema ni kwamba chombo kidogo hakina nafasi ya kubeba kila kitu mara mbili, kwa hiyo akiba yake kubwa inakaa kichwani na mikononi mwa watu wake. Na akiba hiyo, tofauti na betri, haiishi chaji.

Wazo hilo si geni hapa kwetu. Hapa mjini kuna shule ya Outward Bound, iliyoanzishwa miaka ya 1950, ambayo imepandisha vijana wengi Kilimanjaro. Shule mama yake ilianza mwaka 1941 pale Aberdovey, Wales, ikiwa shule ya bahari. Mwalimu Kurt Hahn na tajiri wa meli Lawrence Holt waliianzisha wakati manowari za Wajerumani zikizamisha meli za Uingereza. Holt aliamini kwamba vijana walikuwa wakifa kwenye mashua za kuokolea hali wazee wakipona, kwa sababu vijana hawakuwahi kuzoeshwa shida. Kwa hiyo shule ya mlimani Loitokitok ni mtoto wa shule ya mashua! Kijana wetu haendi ugenini kabisa.

Haya, tuje kwenye vifaa vyenyewe.

Betri kwanza. Betri ya lithiamu hutoa umeme kidogo ikipigwa na baridi kali, na ukiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 unaiharibu kwa ndani. Niliweka simu yenye nusu ya chaji ndani ya friza, ikazimika kabla sijamaliza chai yangu. Wanaopanda mlima wanalijua hili: usiku simu hulala nawe ndani ya mfuko wa kulalia.

Pili, setilaiti. Hapa Kenya ikweta inatupitia, ndiyo maana sahani nyingi za televisheni hutazama juu karibu na utosi. Setilaiti hizo zimekaa juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Ukifika Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, setilaiti za namna hiyo zinachungulia tu kwenye upeo wa macho. Mlima ukikaa mbele, basi. Ndiyo maana mabaharia wa huko wametegemea sana simu za Iridium, ambazo setilaiti zake 66 hupita juu ya ncha za dunia.

Tatu, dira. Ukisogea karibu na ncha ya sumaku ya kaskazini, sindano huwa nzito na ya kusitasita, kwani nguvu ya sumaku inaielekeza chini zaidi kuliko pembeni.

Nne, na hili ndilo kubwa, mkono wako. Wanaofundisha usalama wa maji baridi hukumbuka namba 1, 10, 1: ukitumbukia, una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo vidole bado vinakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Sasa niambie, ndani ya dakika hizo 10 utafungua simu, uandike neno la siri, utafute programu ya kuita msaada? Mkono uliokufa ganzi hauandiki neno la siri. Lakini unaweza kuvuta kamba, na unaweza kubonyeza kitufe kimoja kikubwa cha kifaa cha dharura kilichofungwa kwenye jaketi.

Basi haya ndiyo majaribio niliyompa kijana wetu, yote ya kufanyia hapa hapa mjini:

1. Zima data na Wi-Fi siku tatu mfululizo. Fungua kila programu ya ramani unayoitegemea. Itakayosema "ingia tena" au "hakiki leseni", ifute leo.

2. Weka simu ndani ya friza usiku kucha. Ukiitoa, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki mpaka ipate joto, ili unyevu ubaki nje ya mfuko.

3. Tia mkono kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika mbili, si zaidi, kisha jaribu kufunga fundo na kubonyeza skrini. Utajua upesi kipi kinawezekana.

4. Andika kwa kalamu ya risasi namba za uokoaji, ratiba ya safari, na jina la mtu wa nchi kavu atakayepiga simu usiposikika kwa saa mlizokubaliana. Mpe mama nakala.

5. Jifunze kusoma ramani ya karatasi na mafundo matano mpaka uyafunge gizani.

Hapa kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Siku hizi huduma mpya za setilaiti zinaleta intaneti ya kasi hata Aktiki. Hata Kilimanjaro, upande wa Tanzania, TTCL ilifikisha intaneti kituo cha Horombo, mita 3,720, mwezi Agosti 2022. Mtu akiniambia mtandao umeokoa maisha, nitakubali bila ubishi. Upakieni kwenye mashua, tena nafurahi ukiwapo. Ila mtandao unahesabiwa kama upepo mzuri: ukija unatweka tanga, usipokuja bado una safari ya kumaliza.

Na hili linatuhusu sisi watengeneza programu. Tunaishi mahali ambapo stima hupotea na mtandao huenda zake bila kuaga. Tulipaswa kuwa mafundi wakubwa wa programu zinazofanya kazi bila seva. Badala yake tunaiga miundo ya watu waliokaa juu ya nyaya za kasi, halafu mkulima wa nyanya pale Kimana anasimama shambani akitazama kiduara kikizunguka. Yeye atapoteza asubuhi moja. Mtu aliye kwenye mashua, upepo ukigeuka na barafu ikisogea, anaweza kupoteza zaidi ya hapo. Kosa la mtengeneza programu ni lile lile.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kweli, lakini uhaba wa chaji, wa mtandao na wa joto vidoleni unaweza kuujua kabla hujapanda basi la kwenda Nairobi. Friza ipo, ndoo ipo. Anza leo jioni.