Wiki Moja Firenze na Cinque Terre



Katika Mfunguo Mosi wa mwaka jana, shule zilipofungwa, tulisafiri kwa wiki moja kwenda Italia. Tulikuwa watano: sisi wawili, binti yetu wa miaka 12, mdogo wake wa kiume, na mama. Mama ndiye aliyekuwa sababu ya safari. Kwa miaka zaidi ya 20 aliuza kanga na vikoi kwa Waitaliano pale Malindi, na Kiitaliano alichokiokota kibandani humtoka kama maji. Lakini nchi yenyewe hakupata kuiona. Palikuwa na sababu ya pili ambayo hatukuisema kwa sauti. Shamba la minazi la Mambrui, mirathi ambayo haijagawanywa tangu baba afariki, lilikuwa limepata mnunuzi, na warithi wote walikuwa wakingoja neno la mama. Tulidhani kubadilisha hewa kutamsaidia kuamua.

Tutangulize mambo ya matayarisho, kwani kina mama wengi hutuuliza hayo kwanza. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wala hairudishwi ukinyimwa. Tuliigawa safari mausiku matatu mjini na matatu pwani, na mgawanyo huo una faida ambayo vitabu vya watalii havitaitaja. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha sala zake. Sisi hatukufikia hapo, basi tulipunguza na kukusanya, na hilo ni rehema kubwa kwa mwenye kushinda njiani na watoto. Magharibi ya Aprili huko huingia karibu na saa mbili za usiku.

Kuhusu chakula, mtu asiogope. Nyama tuliiacha isipokuwa kwa Waislamu wenzetu, tukaegemea samaki, maharage, mboga na mikate. Neno moja la kukariri ni strutto, nalo ni mafuta ya nguruwe. Huenda yakatiwa hata katika mkate usioudhania. Mama aliuliza kila duka, na kila duka lilimjibu kwa adabu.

Firenze ni mji wa mawe ulio kando ya mto Arno. Kuba la kanisa lao kuu lilijengwa na Brunelleschi kati ya mwaka 1420 na 1436, bila ya jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini, na hadi leo mafundi hulizungumzia. Anayetaka kulipanda ana vidato 463 mbele yake. Mama alikaa kwenye baraza, akalitazama, akasema macho yake yamekwishapanda.

Suala la sanamu za uchi lazima tulitaje. Tuliamua mapema kutoingia jumba lenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo, kisha tukakuta nakala yake imesimama uwanjani mbele ya ikulu ya zamani, peupe, kila mpita njia aione. Mzazi asidhani atalikwepa hilo Firenze. Tuliinamisha macho tukapita, na usiku tukazungumza na watoto kwa utulivu, jambo ambalo pengine tungeliahirisha miaka mitatu lau tungebaki nyumbani.

Katika jumba la Uffizi tulikwenda moja kwa moja kwenye picha tuliyokusudia. Ni kazi ya Gentile da Fabriano ya mwaka 1423, na ndani yake mna duara la dhahabu kichwani pa Bibi Maryamu. Binti yetu, ambaye amehitimu juzuu tano chuoni, aliikaribia, akatuita kwa mnong'ono: "Haya ni maandishi yetu!" Akaanza kusoma, akakwama. Akajaribu tena kutoka upande wa pili. Herufi hizo zina sura ya Kiarabu lakini hazisomeki. Wachoraji wa zama hizo waliviona vyombo vya shaba na vitambaa vilivyoletwa kutoka Misri na Sham, wakapendezwa na mwandiko, wakauiga kama pambo tu. Mtoto alitoka pale amenuna, kama aliyepewa barua tupu.

Nyuma ya Uffizi, mtoni, pana jumba la makumbusho la Galileo. Humo mna tufe la shaba la nyota lililotengenezwa Valencia, katika Andalusi, karne ya 11, na fundi Ibrahim ibn Said as-Sahli. Hapo herufi zilisomeka. Tulikaa mbele ya tufe lile kupita kiasi, hadi mdogo wake akaomba kwa machozi apelekwe kula.

Njiani kuelekea Santa Croce mama alisimama mbele ya ukuta uliobandikwa kibao, juu sana kuliko kichwa cha mtu. Akatusomea: maji ya Arno yalifika pale tarehe 4 Novemba 1966. Katika mtaa ule mafuriko yalipita mita 4. Msalaba mkubwa wa mchoraji Cimabue uliharibika vibaya, na vitabu vya maktaba ya taifa vilizama katika matope na mafuta. Vijana walitoka pembe zote za dunia kuja kuvitoa kwa mikono, wakipokezana kwa mistari. Wenyeji wakawapa jina la malaika wa matope. Nasi, ingawa jina la malaika hatulipendi kwa wanadamu, tulielewa lilikotoka.

Siku ya nne tulipanda treni hadi La Spezia, na hapo tukashika treni ndogo inayopita ndani ya milima na kuchomoza kijiji baada ya kijiji: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza, Monterosso. Hivyo ndivyo vijiji vitano viitwavyo Cinque Terre. Mwenye mzee alale Monterosso, penye ardhi tambarare. Corniglia ipo juu ya jabali, na kutoka stesheni kuna vidato zaidi ya 370, ingawa basi dogo hupanda. Huko mama aliipata farinata, nayo ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, humiminwa katika sinia na kuokwa. Akaumega, akatafuna, akatoa hukumu: "Bajia iliyolala." Alikula siku tatu mfululizo. Dagaa wao wa chumvi pia walimridhisha.

Milima ya hapo huanguka baharini bila ya kupumzika, na watu wa kale waliikata vitalu kama ngazi, kila kitalu kikazuiliwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa wala saruji. Juu yake wakapanda mizabibu na milimau. Zabibu zile nyingi huenda katika mvinyo, nasi hatuna la kusema katika hilo; kuta ndizo zilizotushika. Mmoja wetu alitembea na watoto kwa miguu kutoka Monterosso hadi Vernazza, yapata saa mbili za kupanda na kushuka. Palipo na mkulima, ukuta umesimama wima. Palipoachwa, miiba imefunika, mawe yamefura tumbo na kumwagika njiani.

Tulipoteremka Vernazza tulimkuta mama, aliyekuja kwa treni, ameketi bandarini na bibi wa makamo yake, wanazungumza kama waliosoma chuo kimoja. Bibi yule alikuwa akisimulia tarehe 25 Oktoba 2011. Mvua ilinyesha kwa saa chache tu, mlima ukashuka, na njia kuu ya kijiji ikafukiwa kwa matope yaliyofika madirisha ya juu. Watu watatu walikufa katika kijiji hicho. Akatuonyesha kwa kidole mteremko mmoja, akasema ukuta ule ulikuwa wa baba yake, na wanawe wote wako Genova. Nyumba za jirani hukodishwa kwa wageni usiku baada ya usiku. Ikifika baridi, madirisha ni giza.

Mama alimuuliza nani atautengeneza ukuta.

"Na nani?" bibi yule akarudisha swali, akacheka kidogo, akampa malimau mawili.

Kwenye treni ya kurudi Monterosso mama alinyamaza. Usiku, baada ya Isha, alituuliza kama yule kijana anayekwea minazi ya Mambrui bado yupo. Tulisema hatujui. Akauliza mara ya mwisho tulifika lini shambani. Tukahesabu, tukaona haya: ilikuwa kabla ya arubaini ya baba kwisha, miaka minne nyuma. Sisi tuliokuwa tukimlaumu moyoni kwa kuchelewesha jibu hatukuweza kumwambia mipaka ya shamba inapita wapi.

Kesho yake mnunuzi alipiga simu tukiwa ufukweni. Mama aliitazama ikilia, akairudisha mkobani, akaendelea kumfunga mjukuu viatu.

Jumamosi ya pili baada ya kurejea tulikwenda Mambrui sote, na shemeji zetu wawili, na mapanga. Uzio wa upande wa bahari ulikuwa umelala chini. Minazi kumi na mmoja ilikuwa imekufa ikiwa imesimama. Mbegu za yale malimau mawili mama alikuwa amezifunga katika pindo la kanga. Alizipanda karibu na kisima, mahali penye kivuli, akatuamuru tukachote maji.